Mashimo 14, wenye ardhi wengi: uanzie wapi kuchoronga makaa ya mawe kijijini?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mjiolojia, nimeajiriwa na kampuni ndogo ya Kitanzania yenye leseni ya utafutaji wa makaa ya mawe upande wa Mbinga. Tumepanga mashimo 14 kwa gridi ya mita 250. Nilipoyaweka kwenye ramani ya kijiji nikakuta manane yameangukia mashamba ya familia tano, na moja ya mashamba hayo ni la ukoo ambalo halijagawanywa tangu mzee wao afariki. Mawili yako shamba la kanisa, mawili kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji, moja kwa mtu wa Songea aliyenunua ekari 30, na moja, namba 9, liko malishoni karibu na chemchemi. Namba 4 liko mita 60 kutoka nyumba ya mtu. Bosi anasema leseni inatosha, tuingie. Mwenyekiti wa kijiji anasema tumpe yeye hela, atagawa. Nianzie wapi, nimlipe nani, na ardhi tunairudishaje?

Jibu: Marahaba, kijana. Umefanya vizuri kuuliza kabla mtambo haujapanda lori, maana ukishafika kijijini unakula pesa kila siku hata ukiwa umezimwa, na hapo ndipo watu huanza kukata kona.

Nianze na bosi. Leseni ya utafutaji inakupa haki ya kutafuta madini, ambayo ni mali ya umma. Haikupi shamba la mtu. Ardhi yote nchini iko chini ya Rais kama mdhamini, lakini haki ya kuitumia ni ya yule anayeikalia kihalali, awe na hati ya hakimiliki ya kimila, hati ya Wizara, au hana karatasi yoyote ila babu yake kalima pale na majirani wanajua. Sheria ya Madini inataka idhini ya maandishi ya huyo mkaaji halali kabla hujafanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba, hata nyumba ambayo kwa sasa haina mtu. Ndani ya mita 50 za ardhi iliyolimwa au iliyoandaliwa kwa mazao. Kwenye shamba lililovunwa ndani ya mwaka uliopita. Na ndani ya mita 100 za josho, tangi au bwawa. Chukua hiyo ramani yako uchore miduara. Utakuta karibu kijiji kizima kimefunikwa, na kinachobaki wazi ni vichaka. Kwa hiyo msimwambie mtu kwamba mnamwomba ruhusa kwa ustaarabu tu. Mnamwomba kwa sababu bila sahihi yake hamna kazi.

Kuna mlango wa pembeni: mtu akikatalia idhini bila sababu ya msingi, mamlaka ya leseni inaweza kuelekeza kwamba idhini yake haihitajiki. Bosi wako akiusikia ataupenda. Mimi sikushauri uukaribie kwa kazi ya mashimo machache. Utapata shimo lako moja, halafu wenye mashimo mengine 13 watakusubiri njiani.

Mwenyekiti naye. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno la mwisho kwenye mambo ya pamoja. Hakuna mahali ambapo mwenyekiti anakuwa keshia wa mazao ya watu. Kilicho cha kijiji, yaani msitu na malisho, kilipwe kwenye akaunti ya benki ya kijiji, kwa risiti, na kiasi kitajwe hadharani mkutanoni. Kilicho cha mtu kiende mkononi mwa mtu au kwenye simu yake, mtendaji wa kijiji akiwa shahidi. Mwambie mwenyekiti hivyo kwa heshima, na umwambie mbele ya wajumbe wake, usimwambie mkiwa wawili.

Sasa tuje kwenye gridi yako, maana nusu ya matatizo yako ya ardhi umeyatengeneza mwenyewe mezani. Kwenye makaa una uhuru ambao mwenzako wa dhahabu hana. Mshipa wa dhahabu ukiukosa kwa mita tano umeukosa. Tabaka la makaa limetandazwa, linaendelea mamia ya mita, na katika bonde la Ruhuhu tabaka za maana ziko kwenye Karoo, miamba ya kale ya mashapo ambayo mjiolojia Stockley aliipanga kwa herufi K na namba tangu miaka ya 1930: K1 chini yenye mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, kisha K2 yenye makaa ya Ngaka na ya Mchuchuma, na kwenda juu. Hakuna sababu ya kijiolojia inayolazimisha namba 4 iwe pale hasa ilipo. Kompyuta ndiyo iliyoiweka pale.

Ila usihamishe shimo kiholela. Lihamishe kwa kufuata mwelekeo wa tabaka, yaani ubavuni mwa mwinamo. Tabaka likiwa limeinama nyuzi 10, ukisogea mita 60 kuelekea linakozama utaongeza mita 10 na ushei za kuchoronga kabla hujaligusa, na kila mita ina bei. Ukisogea mita 60 hizo hizo ubavuni, kina kinabaki karibu kile kile. Kitu kimoja usikivuke ni mpasuko. Ruhuhu imekatwakatwa na mipasuko, vipande vimeshuka huku na kupanda kule, na shimo lililoruka upande wa pili wa mpasuko linakupa habari za jirani.

Na mbona 14 kwa mara moja? Miongozo ya zamani ya Australia ya kukadiria makaa, ile ya 2003, ilihesabu shimo moja kila mita 500 kuwa karibu vya kutosha hata kwa daraja la juu la uhakika, na mita 1,000 kwa daraja la kati. Ile ya baadaye imeacha kutaja umbali kama sheria, inakutaka uonyeshe mwendelezo wa tabaka mwenyewe, na kwa Ruhuhu yenye mipasuko hilo ni sahihi zaidi. Lakini kianzio cha mita 250, kabla hujaona hata shimo moja, ni pupa. Anza na matano, yakae kwenye mistari miwili inayofuata upande tabaka linakoinamia. Yatakuambia mwinamo halisi, unene, na kama kuna mpasuko katikati. Mengine utayapanga kwa akili, na huenda matatu au manne hayatahitajika kabisa. Shimo ambalo halijachorongwa ndilo rahisi kuliko yote kulirudishia ardhi yake.

Yale matano ya mwanzo yachague penye mwenye ardhi anayejulikana bila utata: familia zenye hati ya kimila, na lile shamba la kanisa. Kanisani usiishie kwa katekista. Mwenye kusaini ni yule ambaye jina la taasisi yake liko kwenye hati, mara nyingi ofisi ya jimbo au abasia, na barua zao huchukua wiki, kwa hiyo anza huko. Namba 4 lisogeze zaidi ya mita 200 kutoka kwenye ile nyumba, ubavuni. Namba 9 lisogeze mbali na chemchemi hata kama sheria ingekuruhusu kubaki. Namba 11 na 12, kama ndiyo yale ya msituni, yangoje awamu ya pili. Pale utahitaji idhini ya mkutano mkuu, kamati ya maliasili ya kijiji, na kuzungumza na afisa misitu wa wilaya.

Shamba la ukoo ndilo litakalokuumiza kichwa. Usitafute mkubwa wa ukoo ukamsainisha ukaondoka. Uliza kwanza kama kuna msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kama yupo, yeye ndiye anayesaini kuhusu ardhi. Kama hayupo, waombe wakae kikao cha ukoo, waandike muhtasari, wote wasaini, hata yule kaka aliyeko Dar ambaye hajakanyaga shamba miaka mingi. Atapiga simu siku mtambo unawashwa, nakuhakikishia. Na mjane anayelima pale lazima jina lake liwe kwenye karatasi, kwa sababu mahindi ni yake. Wakishindwa kukubaliana, acha shimo. Wewe si baraza la ardhi. Na wakienda Baraza la Kata, lenyewe tangu 2021 lina kazi ya kusuluhisha tu, halitoi hukumu, hivyo mgogoro unaweza kupanda hadi wilayani na msimu wako wa kazi ukaisha.

Huyu mnunuzi wa Songea, muombe nakala ya muhtasari wa kijiji uliompa ardhi. Akisita, huenda ekari 30 zake zina kesi ambayo bado haijazaliwa. Angalia pia nani analima hapo kwa kukodi.

Hapo ndipo jibu la "nimlipe nani" lilipo. Tenganisha malipo kwa sababu yake. Pesa ya mazao ni ya aliyepanda, hata kama amekodi. Pesa ya matumizi ya kiwanja cha mtambo kwa wiki hizo ni ya mwenye haki ya ardhi. Pesa ya njia ni ya kila ambaye gari limekanyaga kwake. Hawa wa njia ndio husahaulika kila mara: hawana shimo, hawapo kwenye orodha yako, lakini mtambo wa tani kadhaa umepita katikati ya mihogo yao kwenda kwa jirani aliyelipwa. Ugomvi mwingi wa uchorongaji ninaoufahamu ulianzia njiani, haukuanzia shimoni. Tembea njia nzima kwa miguu na mwenyekiti wa kitongoji, andika kila mpaka mnaovuka. Mazao yakadiriwe kwa viwango vya serikali na afisa kilimo wa kata awepo. Mke na mume wasaini wote wawili. Nimeshaona pesa ya kahawa ikinywewa yote kabla mama hajajua kwamba miti imekatwa.

Kwenye fomu hiyo weka sentensi moja ambayo wanasheria wa kampuni huipinga: kwamba malipo haya ni ya usumbufu wa utafutaji, wala hayaondoi haki ya mtu kudai fidia kamili, ikiwemo uthamini wa mali na makazi mapya, endapo uchimbaji utakuja. Watu wa huko wana sababu ya kuogopa. Ludewa, jirani zenu tu hapo, wananchi waliotakiwa kupisha mradi wa makaa na chuma wa Mchuchuma na Liganga walingoja fidia miaka mingi hadi malipo yalipoanza kutoka 2023. Habari hizo zimevuka mto. Mtu akikuuliza "mkiyakuta makaa, mimi nakwenda wapi?" mjibu kwamba utafutaji hauhamishi mtu, kwamba uchimbaji una leseni yake nyingine na mpango wake wa fidia, na kwamba karatasi aliyosaini haimfungi.

Kalenda yako inapangwa na mvua. Kusini mna msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mahindi yanatoka shambani hadi Juni, Julai. Kwa hiyo choronga kati ya Julai na Oktoba, shamba likiwa tupu; utalipa mazao kidogo na magari hayatakwama. Kazi ya kurudisha ardhi iwe imekwisha kabla ya mvua ya kwanza, siyo ianze baada yake. Ukiona Septemba inaishia na bado una mashimo matatu, yaache hadi mwakani. Septemba na Oktoba ni miezi ya moto pia, kwa hiyo fyeka ukanda kuzunguka kiwanja cha mtambo, weka vizimamoto na pipa la mchanga, na sigara ziishie kambini. Moto ukiwaka kijijini siku zile, hata kama umewashwa na warina asali, utaandikwa jina la kampuni.

Maji: mtambo unakunywa maelfu ya lita kwa siku, zaidi mwamba ukiwa na nyufa. Kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, kwa sababu Ruhuhu inamwaga ziwani. Usichote kwenye chemchemi ya kijiji hata wakikukaribisha.

Na kabla ya shimo la kwanza, pima hiyo chemchemi. Huhitaji mashine. Chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu, hesabu sekunde hadi ijae, rudia mara tatu, andika wastani. Fanya hivyo asubuhi wakati akina mama wanateka, na mmoja wao ashike ndoo ili ajue namba ni ya kweli. Pima pia chemchemi nyingine iliyo mbali, ambayo mashimo yako hayawezi kuigusa. Kila wiki mbili, zote mbili. Oktoba maji hupungua kila mwaka, na mwaka huu yatapungua mtambo ukiwa unanguruma karibu. Chemchemi zote mbili zikishuka kwa kadiri moja, una la kusema. Ikishuka yako peke yake, unajua mapema kwamba kuna shimo limetoboa pasipotakiwa. Wasimamizi wa mazingira wa taifa, waliozoeleka kwa jina la NEMC, waulize mapema mradi wenu unaangukia kundi gani na wanataka nyaraka gani, na Afisa Madini wa mkoa apate ratiba yako, hilo sitalirefusha.

Kila shimo liwe na faili lake kabla ya kuchorongwa: mwenye ardhi, mlimaji, njia, sahihi, picha kutoka pembe nne, mchoro wa shamba unaoonyesha miti na matuta, na ukurasa unaosema ardhi itarudishwa iweje. Mpango wa kuchoronga na mpango wa kurudisha ardhi ni karatasi moja. Ukivitenganisha, cha pili hakifanyiki. Hela inaisha kwenye cha kwanza.

Siku ya kuandaa kiwanja, mita 15 kwa 15 zinatosha mtambo mdogo, usikubali mkandarasi akatandaza 30 kwa sababu tingatinga liko hapo. Udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita 15 hadi 20, utolewe kwanza na urundikwe peke yake upande wa juu wa mteremko, rundo lisizidi mita moja na nusu, lisikanyagwe na gari. Udongo wa chini rundo lingine. Ukivichanganya siku hiyo hakuna mbolea itakayokutoa. Mashimo ya tope mawili, yatandikwe nailoni nzito, yazungushiwe uzio. Mbuzi wanapenda kunywa maji yale. Chini ya injini weka beseni la kudakia mafuta.

Kuchoronga kwenyewe unakujua. Nitakukumbusha tu kwamba kori, ule mche wa mwamba unaotoka kwenye bomba, kwenye makaa upatikane asilimia 95 au zaidi, la sivyo rudia. Ufungwe kwenye plastiki pale pale kabla haujakauka. Na kila shimo lipimwe kabla ya kuzibwa kwa kifaa kinachoshushwa ndani kusoma mionzi ya gama na densiti, yaani uzito wa mwamba kwa ujazo wake. Makaa yanaonekana wazi kwenye densiti, na kipimo hicho ndicho kitakachokuokoa pale kori inapokuwa imevunjika.

Sasa kuziba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kampuni ndogo nyingi zinapoharibu na hakuna anayeona. Bosi wako atakuambia shimo ni inchi nne tu, weka jiwe juu, tupia udongo. Fikiria shimo hilo limepita wapi. Limetoboa mchanga wa juu wenye maji yanayolisha chemchemi, likatoboa udongo mfinyanzi uliokuwa unayazuia, likaingia kwenye makaa na miamba myeusi yenye pairaiti, madini ya salfa na chuma ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi. Ukiliacha wazi umeunganisha tabaka zilizokaa mbalimbali kwa zaidi ya miaka milioni 250. Maji ya juu yanaweza kukimbilia chini, au ya chini yenye kutu na chumvi yakapanda. Gesi ya makaa inapata bomba. Na siku uchimbaji wa chini ya ardhi ukifika hapo, mchimbaji anakutana na maji yanayomwagika kutoka darini.

Hesabu yake ni hii. Shimo la ukubwa wa HQ lina kipenyo cha milimita 96, sawa na lita 7.2 kwa kila mita. Shimo la mita 120 ni karibu lita 870. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa na lita 25 za maji unatoa takriban lita 41 za uji. Gawanya: mifuko 21. Ongeza inayopotelea kwenye nyufa, andika 26. Kwa mashimo matano ya kina hicho ni mifuko 130. Bei ya saruji Mbinga unaijua wewe kuliko mimi, iweke kwenye bajeti leo, mstari wake peke yake.

Na namna ya kuimimina ndiyo inayotofautisha kuziba na kuigiza kuziba. Saruji ikimwagwa kutoka juu inachujuka ndani ya maji na inakwama katikati ya shimo. Juu unaona imejaa, chini ni tupu. Shusha mabomba ya kuchorongea hadi kitako, pampu uji kupitia humo, uyapandishe taratibu huku ncha ikibaki imezama kwenye uji, mpaka maji yote yafukuzwe na saruji itokeze mdomoni. Iache siku nzima. Itashuka. Jazia tena. Saruji iishie mita moja chini ya uso wa ardhi, bomba la kinga likatwe hapo hapo ili jembe na plau visije kuligonga, na kabla saruji haijakauka chora juu yake namba ya shimo kwa msumari. Juu rudishia udongo wa chini, kisha ule mweusi.

Wachorongaji wanalipwa kwa mita. Kila saa wanayoziba ni saa wasiyochoronga, kwa hiyo ukiandika mkataba unaosema tu "mkandarasi ataziba mashimo", atayaziba kwa udongo na jiwe usiku. Mlipe kuziba kwa bei yake, kwa kila shimo, na wewe au msaidizi wako mhesabu mifuko mitupu. Kisha zuia sehemu ya malipo yake ya mwisho, asilimia 10 hadi 15, mpaka mwenye shamba asaini kwamba ameridhika.

Jiandae kwa ombi moja ambalo litakuja bila shaka: shimo likitoa maji mengi, wanakijiji watasema tuachieni, tuweke pampu. Ni ombi la haki, na kuwakatalia ni kugumu. Lakini maji yaliyopita kwenye makaa si ya kunywa mpaka yapimwe maabara, na shimo la makaa halikujengwa kama kisima. Kama kampuni inataka kuwaachia kitu, ichimbe kisima tofauti, mahali pasipo na makaa, RUWASA, wakala wa maji vijijini, wakihusika tangu mwanzo. Ya kwako ziba.

Kwa uso wa ardhi: subiri mashimo ya tope yakauke, toa nailoni yote, usiifukie. Vipande vya makaa na mwamba mweusi visibaki kwenye udongo wa mahindi. Vizike kitakoni mwa mashimo hayo ya tope, vifunike kwa mfinyanzi, na juu acha mwinuko wa sentimita 30 kwa sababu patazama mvua zikija. Kiwanja kilichokanyagwa kitifuliwe sentimita 30 hadi 40 kabla ya kurudisha udongo mweusi. Ukiuweka juu ya ardhi iliyoshindiliwa utaondoka na mvua ya kwanza.

Kama kuna shimo lililoangukia kwenye ngoro, usimtume kijana wa tingatinga asawazishe. Wamatengo wametunza miteremko ile kwa mashimo ya ngoro vizazi na vizazi: majani yanafyekwa, yanapangwa miraba kwa miraba, kisha udongo wa katikati unachotwa na kutupwa juu ya majani, panabaki kishimo kinachodaka maji na rutuba. Tingatinga likisawazisha pale umetengeneza korongo. Walipe wenye shamba wenyewe wazitengeneze upya kwa mikono, Machi mvua zikiwa bado zipo na majani yapo (hii ndiyo kazi pekee ya kurudisha ardhi inayongoja mvua), na uhesabu kazi hiyo ndani ya gharama ya shimo. Ni karibu kazi pekee ya kurudisha ardhi ambayo mwenye nayo anaijua kuliko mtaalamu yeyote utakayemleta.

Msituni ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, mradi hung'oi visiki. Miombo inachipua kutoka kwenye kisiki. Kata juu ya ardhi, acha mizizi, rudisha udongo, zuia ng'ombe msimu mmoja. Usilete mikaratusi kwa sababu ni ya bei rahisi na inaonekana kijani kwenye picha ya ripoti.

Rudi mara tatu kukagua: wiki moja baada ya kufunga, tena Januari mvua kubwa zikiwa zimepiga, na baada ya mavuno ya kwanza. Mara ya Januari ndiyo muhimu, maana hapo ndipo mashimo ya tope huzama na njia hufanya mifereji. Nenda na mwenye shamba, mpige picha kutoka pembe zile zile nne. Nakala ya faili iende kwake, nyingine ofisi ya kijiji, na taarifa za mashimo ziende Tume ya Madini na GST, taasisi ya serikali ya jiolojia, kama leseni inavyotaka.

Na kwenye mkutano wa kijiji usiahidi ajira. Mtambo mmoja unahitaji vibarua wachache wa kubeba trei, maji na kulinda usiku, kwa wiki kadhaa tu. Taja idadi hiyo, taja malipo ya siku, na waache kijiji wachague majina wenyewe. Tangu Ngaka ianze kuchimba 2011, na hasa tangu 2022 malori ya makaa yalipojaa barabara ya kwenda Mtwara, kila kijana wa huko ana picha yake kichwani ya makaa ni nini. Waambie pia kwamba huenda msikute kitu cha kuchimba.

Ukishachagua yale matano na kusogeza 4 na 9, nitumie ramani yenye mwinamo uliopima kwenye miamba inayoonekana mtoni. Nataka kuona kama 9 haijavuka mpasuko.